Mtoto Aliyeacha Kukua: Mazungumzo Kuhusu Ukuaji na Upungufu wa Homoni

Labda uko jikoni unaosha vyombo, labda uko shambani na redio umeitundika mtini, labda umempakata mtoto unamnyonyesha. Mimi ni muuguzi wa afya ya jamii, na kama ilivyo kawaida yetu tutazungumza polepole, kwa lugha ya kila siku. Mwishoni nitajibu maswali ambayo akina mama huniuliza kliniki.

Leo tunazungumzia ukuaji wa mtoto. Najua ukisikia neno "ukuaji" unafikiria mizani na kilo. Leo nataka tuache kilo kidogo, tuangalie urefu. Na nataka tuzungumze kuhusu kitu kiitwacho homoni.

Nianze na kisa. Siku moja nyanya mmoja alikuja katika zahanati ninayofanya kazi akiwa na wajukuu wawili, msichana wa miaka sita na mvulana wa miaka minne. Hakuja kwa sababu ya msichana. Alikuja kwa sababu mvulana alikuwa anakohoa. Nilipomaliza kumhudumia yule mvulana, nyanya akaniambia, "Sasa mwanangu, nikuulize jambo. Kwa watu wengine nguo za mkubwa humwendea mdogo. Kwangu mambo yamegeuka. Viatu vikimbana huyu mdogo, navipitisha kwa dadake. Hiyo ni kawaida?"

Nikamwangalia yule msichana. Alikuwa amekaa kimya kwenye benchi, amevaa sweta ingawa jua lilikuwa kali. Nikawasimamisha wote wawili ukutani nikawapima. Mvulana alikuwa amempita dadake kwa sentimita mbili.

Nikaomba kijitabu cha kliniki. Nyanya alikuwa amekifunga vizuri ndani ya leso. Uzito ulikuwa umeandikwa kila mwezi hadi miezi tisa, siku ya chanjo ya surua. Baada ya hapo aliletwa mara chache tu. Sehemu ya kuandika urefu ilikuwa tupu kuanzia mwanzo hadi mwisho. Na siku alipoletwa kupewa vitamini A akiwa na miaka minne, sahihi iliyokuwa pale ilikuwa yangu mimi. Nilimpima uzito, nikaona kilo zinatosha, nikamrudisha nyumbani. Mtoto hakuwa amekonda, alikuwa mnene kidogo. Kilo zilinidanganya.

Nakueleza haya, mama, ili ujue kwamba hata sisi wauguzi hupitwa na mambo. Ndiyo maana nakuhitaji wewe uangalie pamoja nami.

MTOTO HUKUA KWA KASI GANI?

Mtoto anapozaliwa huwa na urefu wa karibu sentimita 50. Katika mwaka wa kwanza huongeza karibu sentimita 25. Hakuna wakati mwingine baada ya kuzaliwa ambapo binadamu hukua kwa kasi kama hiyo. Mwaka wa pili huongeza karibu sentimita 12, na mwaka wa tatu karibu 8. Kisha kasi hupungua. Kuanzia miaka minne hadi anapoanza kubalehe, mtoto huongeza sentimita 5 hadi 7 kila mwaka. Akibalehe anapaa tena, kisha mifupa inafunga na urefu unakoma.

Sasa shika jambo hili, maana ndilo kiini cha mazungumzo yetu leo. Kuwa mfupi si ugonjwa. Mtoto anaweza kuwa mfupi kuliko wenzake na akawa mzima kabisa, mradi kila mwaka anaongeza urefu wake unaostahili. Wa kutia wasiwasi ni mtoto aliyeacha kukua, au anayekua polepole mno. Mwaka unapita, mwingine unapita, sare ya shule ni ile ile, viatu ni vile vile. Wewe unafurahi kwamba umeokoa pesa, kumbe mwili wa mtoto unakupa habari.

Kwa hivyo kipimo kimoja hakitoshi. Tunahitaji vipimo viwili, vitatu, tuone mtoto anaelekea wapi. Ile michoro iliyo ndani ya kijitabu cha kliniki inatokana na kazi ya Shirika la Afya Duniani, ambalo lilitoa viwango vyake vya ukuaji mwaka 2006. Walipima watoto wa Brazil, Ghana, India, Norway, Oman na Marekani. Wakaona kwamba watoto wadogo wanaonyonyeshwa vizuri na kutunzwa vizuri hukua karibu sawa, iwe ni Afrika au Ulaya. Kwa hivyo mtu asikuambie kwamba mtoto wa miaka mitatu amedumaa kwa sababu "sisi watu wa huku ndivyo tulivyo."

JINSI YA KUPIMA UREFU NYUMBANI

Huhitaji mashine. Unahitaji ukuta ulionyooka au fremu ya mlango, kitabu kigumu, kalamu ya risasi na tepu ya kupimia kama ile ya fundi nguo.

Mtoto aliyezidi miaka miwili asimame bila viatu. Visigino, makalio na mabega viguse ukuta. Kama nywele zimesukwa zikasimama juu, zifungue au zisogeze kando. Aangalie mbele, asiinue kidevu. Weka kitabu juu ya kichwa kikiwa kimelala sawa, kiguse ukuta. Chora mstari chini ya kitabu. Mtoto aondoke, kisha pima kutoka sakafuni hadi kwenye mstari. Andika urefu na tarehe. Rudia baada ya miezi sita, ukuta ule ule. Siku ya kuzaliwa kwake ni siku nzuri ya kukumbuka. Usipime kila wiki, utajisumbua bure.

Mtoto wa chini ya miaka miwili hupimwa akiwa amelala, na hiyo tuachie sisi kliniki. Lakini uliza, "Sista, urefu wa mtoto ni ngapi? Umeuandika?" Usiogope kuuliza. Kijitabu ni chako.

Ikiwa mtoto yuko kati ya miaka minne na umri wa kubalehe, na kwa mwaka mzima hakufikisha sentimita 5, mlete apimwe. Hatusemi ni mgonjwa. Tunasema apimwe.

KWA NINI MTOTO HUACHA KUKUA?

Hapa Kenya sababu kubwa ni lishe na maradhi ya mara kwa mara. Uchunguzi wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba kati ya watoto 100 wa chini ya miaka mitano, 18 wamedumaa. Mwaka 2014 walikuwa 26, kwa hivyo tumepiga hatua. Lakini Kilifi bado walikuwa 37 katika kila 100. Kwa hivyo jambo la kwanza tutakalokuuliza ni mtoto anakula nini, anaharisha mara ngapi, amepewa dawa ya minyoo, na maji mnatoa wapi.

Sababu ya pili ni urithi. Wazazi wafupi huzaa watoto wafupi, na hapo hakuna cha kutibu.

Sababu ya tatu ni maradhi ya muda mrefu, kama ya moyo, figo, selimundu, kifua kikuu au virusi vya UKIMWI ambavyo havijaanza kutibiwa.

Sababu ya nne ni homoni. Hii si ya kawaida kama lishe, lakini ndiyo husahaulika. Mtoto huambiwa ale zaidi, anakula, ananenepa, lakini haendi juu. Hilo ndilo lililompata yule msichana. Nyumbani kwa nyanya kulikuwa na maziwa, mayai na maharagwe. Ndugu yake alikula sufuria hiyo hiyo akarefuka. Ukiona watoto wawili wanakula pamoja, mmoja anakua na mwingine amesimama, usikimbilie kulaumu chakula peke yake.

HOMONI NI NINI?

Homoni ni ujumbe. Ndani ya mwili kuna tezi ambazo hutengeneza kemikali na kuzituma kupitia damu kwenda kuamrisha sehemu nyingine. Fikiria mtoto wa nyumbani aliyetumwa kwa jirani na barua. Barua isipofika, jirani hafanyi kazi, hata kama ana nguvu zote.

Katika ukuaji, tezi mbili ni za kuangalia kwanza. Moja iko shingoni, mbele ya koo, na umbo lake ni kama la kipepeo. Inaitwa tezi ya thairodi. Nyingine iko chini ya ubongo, ni ndogo kama punje ya njegere, na inaitwa pituitari. Hii ndogo ndiyo hutoa homoni ya ukuaji, na ndiyo huiamrisha pia ile ya shingoni.

TEZI YA SHINGONI IKILEGEA

Homoni ya thairodi huendesha kasi ya mwili wote. Ikipungua, kila kitu hupunguza mwendo. Mtoto huona baridi wakati wengine wanaona joto. Hufunga choo. Ngozi hukauka. Huchoka, husinzia darasani, na mwalimu hudhani ni mvivu. Hunenepa kidogo lakini harefuki. Shingo inaweza kuvimba, uvimbe tunaouita rovu, lakini si lazima.

Yule msichana alikuwa na karibu yote hayo. Tulimtuma hospitali ya kaunti akapimwa damu. Majibu yalionyesha tezi yake imelegea sana. Alianzishwa tembe za levothairoksini, tembe moja ndogo kila asubuhi. Baada ya wiki chache nyanya alinipigia simu akacheka, akasema, "Mwanangu, huyu mtoto sasa anakimbia. Nilikuwa nimezoea kumwita mara tatu." Katika mwaka wa kwanza aliongeza sentimita 10.

Nyanya aliniuliza pia swali ambalo bado nalibeba. Aliniuliza, "Ile miaka iliyopotea, itarudi?" Nilimwambia ukweli. Sehemu yake itarudi, pengine si yote. Kwake yeye tulikuwa na bahati, kwa sababu tatizo lilianza baada ya miaka mitatu, wakati sehemu kubwa ya ubongo ilikuwa imeshajengeka. Kwa mtoto mchanga hali ni tofauti, na hapo naomba unisikilize kwa makini.

MTOTO MCHANGA "MPOLE"

Kuna watoto wanaozaliwa tezi ya shingoni haipo, au ipo lakini haifanyi kazi. Duniani ni karibu mtoto mmoja katika kila watoto 2,000 hadi 4,000. Akizaliwa anaonekana mzima, kwa sababu alikuwa akipata homoni kiasi kutoka kwa mamake tumboni. Dalili hujitokeza polepole. Na mara nyingi mama husifiwa: "Una mtoto mzuri, halii, analala tu!"

Mtoto mchanga anayelala bila kudai titi, mwamshe, na umwangalie vizuri. Dalili za kuangalia ni hizi:

– Macho na ngozi kuwa ya manjano kwa zaidi ya wiki mbili.
– Kunyonya kwa uvivu, au kusinzia kila akishika titi.
– Kufunga choo.
– Kilio kizito, kama sauti iliyokwaruza.
– Ulimi mkubwa unaojitokeza nje.
– Kitovu kilichochomoza.
– Utosi mpana kuliko kawaida.
– Mwili wa baridi na uliolegea.

Dalili moja peke yake isikutie hofu. Vitovu vingi huchomoza kwa watoto wazima kabisa. Lakini ukiona mbili au tatu pamoja, usingoje siku ya chanjo. Nenda hospitali uombe mtoto apimwe homoni za thairodi.

Kwa nini haraka? Kwa sababu ubongo wa mtoto mchanga unahitaji homoni hii ili ujengeke. Akianza tembe katika wiki mbili za kwanza, mtoto huyu ana nafasi kubwa ya kukua na kusoma kama wenzake. Akichelewa miezi, akili hudumaa pamoja na mwili, na baadaye tembe zitarefusha mifupa lakini hazitarudisha akili iliyopotea. Mkoa wa Quebec, Kanada, ulianza kupima watoto wachanga tone la damu ya kisigino mwaka 1974, na leo nchi nyingi hufanya hivyo. Hapa kwetu kipimo hiki bado hakifanywi kwa kila mtoto anayezaliwa. Kwa hivyo jicho lako mama ndilo kipimo cha kwanza. Na kama hospitali unayojifungulia inaweza kukipima, omba kifanywe kabla ya kwenda nyumbani au siku chache baadaye.

Tembe zenyewe si za bei ya kutisha kama unavyoweza kufikiria. Kwa mtoto mchanga, saga tembe, changanya na maji kidogo au maziwa yako kidogo kwenye kijiko, umpe. Usiitie ndani ya chupa nzima ya maziwa, kwa sababu asipoimaliza hutajua amepata kiasi gani. Mpe saa ile ile kila siku. Dawa za kuongeza damu zenye madini ya chuma, na dawa za kalsiamu, zikae mbali nayo kwa saa nne, la sivyo huizuia kuingia mwilini. Na usiache tembe kwa sababu mtoto amechangamka. Amechangamka kwa sababu ya tembe. Daktari peke yake, baada ya kupima damu, ndiye aseme zipunguzwe, ziongezwe au ziachwe.

Neno moja kuhusu chumvi. Tezi ya shingoni hutengeneza homoni yake kwa kutumia madini ya ayodini. Ndiyo maana chumvi yetu ya kupikia, ambayo nyingi hutoka pwani sehemu za Gongoni na Marereni, hutiwa ayodini kabla ya kuuzwa. Nunua chumvi iliyoandikwa kwenye pakiti kwamba ina ayodini. Iweke kwenye chombo chenye kifuniko, mbali na jua na unyevu, na uitie chakula kinapokaribia kuiva. Mama mjamzito huhitaji ayodini zaidi. Mtoto wa chini ya mwaka mmoja usimtilie chumvi. Yeye hupata ayodini kupitia maziwa yako.

HOMONI YA UKUAJI IKIPUNGUA

Sasa tuje kwa ile tezi ndogo chini ya ubongo. Kuna watoto ambao tezi hii haitoi homoni ya ukuaji ya kutosha. Ni wachache, mmoja katika watoto elfu kadhaa. Wengi huzaliwa wakiwa na urefu wa kawaida, kisha kasi yao hupungua baada ya mwaka wa kwanza au wa pili. Mwili wake una uwiano mzuri, mikono na miguu inalingana na kiwiliwili, lakini yeye ni mdogo. Uso wake ni wa mtoto mdogo kuliko umri wake, na tumbo huwa na mafuta kidogo. Akili yake kwa kawaida haina shida. Shida ni kwamba watu humchukulia kama mtoto mdogo, na wenzake humpa majina ya kuumiza.

Watoto wako wanaopenda kandanda wanamjua Lionel Messi wa Argentina, aliyezaliwa mwaka 1987. Akiwa na umri wa karibu miaka kumi, madaktari waligundua kwamba ana upungufu wa homoni hii. Alijidunga sindano miguuni kila usiku. Matibabu yalikuwa ghali kwa familia yake, na alipokwenda Barcelona mwaka 2000, klabu hiyo ikakubali kuyalipia. Leo si mrefu sana, ana karibu sentimita 170. Lakini alikua. Na mwaka 2022 aliinua Kombe la Dunia. Mweleze mtoto wako hivyo akidhani ni yeye peke yake duniani.

Daktari akishuku tatizo hili, atapima damu. Atapiga eksirei ya mkono wa kushoto aone mifupa ina umri gani, kwa sababu mifupa ya mtoto wa miaka minane inaweza kuwa ya miaka mitano. Huenda akahitaji kipimo cha saa kadhaa hospitalini, maana homoni hii hutoka kwa vipindi, hasa mtoto akiwa katika usingizi mzito, na kuipima mara moja mchana hakuonyeshi kitu. Wakati mwingine kichwa hupigwa picha.

Tiba ni sindano ndogo chini ya ngozi, kwa kawaida kila jioni, kwa miaka mingi. Zamani homoni hii ilitolewa kwenye miili ya watu waliofariki, na mwaka 1985 hilo lilisimamishwa katika nchi kadhaa baada ya kugundulika kwamba iliambukiza ugonjwa wa ubongo. Siku hizi hutengenezwa maabara. Ni lazima ihifadhiwe kwenye friji bila kuganda. Sitakuficha, ni ghali, na hupatikana katika hospitali kubwa tu. Uliza hospitali ni nini SHA inalipia na nini hailipii, na usikate tamaa kabla ya kuuliza. Tangu mwaka 2008 Nairobi imekuwa ikifundisha madaktari wa watoto kutoka nchi mbalimbali za Afrika kuhusu magonjwa ya homoni, kwa hivyo wataalamu wako hapa nchini.

Jambo moja la haraka: mtoto aliyeacha kukua, na sasa anaumwa na kichwa mara kwa mara, anatapika asubuhi, au macho yake yanapungua nguvu, asingoje. Mpeleke hospitali siku hiyo hiyo, kwa sababu huenda kuna uvimbe unaosukuma tezi ile.

MASWALI YENU

Mama mmoja aliuliza: "Sista, mimi ni mfupi na mume wangu ni mfupi. Nitajuaje kama mtoto amerithi au ni mgonjwa?"

Mama, chukua urefu wa baba na wa mama, ujumlishe. Kwa mvulana ongeza 13, kwa msichana toa 13. Kisha gawa kwa mbili. Mfano, baba ana sentimita 170 na mama 158. Jumla ni 328. Kwa mvulana inakuwa 341, ukigawa ni 170 na nusu. Kwa msichana inakuwa 315, ukigawa ni 157 na nusu. Huo ndio urefu anaoelekea akiwa mtu mzima, kukiwa na tofauti ya karibu sentimita 8 juu au chini. Ni makadirio tu. Kama anaongeza sentimita 5 au zaidi kila mwaka, amefuata ninyi. Mpende hivyo alivyo.

Mwingine aliuliza: "Mama mkwe wangu anasema mtoto alirukwa akiwa amelala, ndiyo maana hakui. Anataka nimtafute aliyemruka amruke tena arudi."

Dada, mheshimu mama mkwe wako. Yeye ameona shida, na hilo ni jambo jema. Mwambie, "Mama, umeona vizuri, mtoto hakui. Twende wote kliniki." Njoo naye. Mtoto hazuiwi kukua kwa kurukwa. Lakini miezi mnayotumia kumtafuta aliyemruka humzuia kupata tiba.

Mlezi mmoja aliuliza: "Kijana wangu ana miaka 13, wenzake wamempita wote. Baba yake anasema hata yeye alichelewa."

Baba anaweza kuwa na haki. Wavulana wengine huchelewa kubalehe, kisha hurefuka baadaye wakawafikia wenzao. Lakini mvulana akifika miaka 14, au msichana akifika 13, bila dalili yoyote ya kubalehe, apimwe. Na msichana mfupi mno anayechelewa kubalehe asipuuzwe. Kuna hali ya kuzaliwa iitwayo Tana, inayowapata wasichana tu, na ina matibabu. Usingoje hadi miaka 18. Mifupa ikishafunga, hakuna sindano itakayomrefusha.

Wa mwisho aliuliza kuhusu unga na tembe za "kuongeza urefu" zinazouzwa sokoni na kwenye simu. Mama, usinunue. Hujui ndani mna nini. Homoni ya ukuaji haifanyi kazi ikimezwa, tumbo huisaga kama nyama. Pesa hizo zingelipia kipimo cha damu.

MAMBO YA KUKUMBUKA

1. Usiache kliniki baada ya chanjo ya miezi tisa. Endelea hadi miaka mitano.
2. Uliza urefu, si kilo tu. Hakikisha umeandikwa.
3. Pima nyumbani kila miezi sita baada ya miaka miwili.
4. Mchanga anayelala mno, aliye wa manjano zaidi ya wiki mbili na asiyepata choo vizuri, apimwe thairodi haraka.
5. Mtoto akipewa tembe, asizikose hata siku moja.
6. Mtoto mfupi asiitwe majina, nyumbani wala shuleni.

Yule msichana sasa yuko shule. Bado ni mfupi kuliko wengi darasani mwake. Mara ya mwisho walipokuja, nilimsimamisha kwenye ukuta wetu, nikachora mstari, naye akageuka haraka kutazama mstari wa zamani uko wapi. Nyanya akaniambia viatu sasa vimerudi kwenye utaratibu wake, vinatoka kwa mkubwa kwenda kwa mdogo. Na pale kwenye zahanati yetu, sehemu ya urefu katika kijitabu siiachi tupu tena.

Leo jioni watoto wakirudi, wasimamishe ukutani. Ni kazi ya dakika tano. Ukiona jambo linalokutia shaka, mwone muuguzi aliye karibu nawe au mhudumu wa afya wa kijiji chako.